Mstaafu wa Mfano

Napenda kuutangazia umma wa Bariadi, Dutwa na vitongoji vyake vyote kwamba uzee umepatiwa ufumbuzi. Ulipatikana mwaka ule ambao wanunuzi binafsi walianza kununua pamba, katika kikao cha Kitengo cha Uzee Salama kilichofanyika ofisini kwetu kwa chai na maandazi. Mimi Danford, karani mwandamizi wa Kitengo, ndiye niliyeandika muhtasari, kwa hiyo nisemalo nalijua.

Kitengo kiliundwa kwa nia njema. Zamani serikali ilimshika mwananchi mkono tangu kliniki hadi makaburini. Sasa soko lilikuwa huria, na mwananchi naye akawa huria: huru kujitafutia mbegu, dawa, ada ya watoto na uzee wake mwenyewe. Ilibidi apatikane mtu wa kumpa habari hiyo taratibu. Mtu huyo alikuwa mkuu wetu, Bwana Dastan Masele.

Bwana Masele alikuwa na tumbo la cheo na sauti isiyohitaji kipaza sauti, ingawa ilikipenda sana. Alikuwa amebakiza miaka mingi tu kabla ya kustaafu, lakini alizungumza habari za kustaafu kama mtu aliyekwenda huko akarudi. Alifundisha kwamba uzee hukaa juu ya mafiga matatu: akiba, uwekezaji na bima. Figa moja likikosekana, chungu kinamwagika.

Yeye mwenyewe mafiga yake yalikuwa tayari. Akiba yake ilikuwa benki. Ni kweli shilingi ilikuwa katika marekebisho, hata fedha aliyoiweka ya kununulia ng'ombe, ilipotimia, ikawa inatosha mkia. Lakini hilo ni suala la kisera. Uwekezaji wake ulikuwa hisa za kampuni ya usafirishaji iliyokwisha kupata jina, rangi na kondakta, ikawa imebakiza kununua basi. Na bima alikuwa nayo, ya pikipiki ya ofisi.

Tukaanzia Dutwa, siku ya mnada, ili tuwakute watu wakiwa na hela au wakiwa na hamu ya hela. Bwana Masele akapanda juu ya mizani ya pamba.

"Mwadila!" akasalimu.

"Mwadila!" umati ukaitika.

"Ndugu zangu, hivi mmejipangaje kimkakati kuhusu kipindi cha baada ya utumishi?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa mbele aliyevaa koti zito kwenye jua lile akainua mkono. Alikuwa Mzee Mayige, mfugaji anayejulikana hadi Nassa kwa ng'ombe wake na kwa maswali yake.

"Baba, hicho kipindi kinaanza mwezi wa ngapi? Maana mwezi wa kumi na moja tunapanda."

Bwana Masele akafafanua kwa uvumilivu. Akaeleza akiba. Akaeleza hisa. Akaeleza kuwa ng'ombe si uwekezaji wa kuaminika kwa sababu hula, huugua na hutoka nje ya zizi bila idhini. Kisha akaeleza bima: unalipa kidogo kidogo, balaa likikupata, unafidiwa.

Mzee Mayige uso ukamng'aa. "Balaa lolote?"

"Kulingana na masharti."

"Kuna ya mkwe?"

"Bima ya mkwe?"

"Nina mkwe pale ng'ambo. Alileta ng'ombe nusu, akachukua binti mzima. Mwaka wa tatu huu. Nilipie shilingi ngapi?"

Umati ukaangua kicheko. Bwana Masele akaniamuru niandike kwamba suala la mkwe litashughulikiwa, nikaandika. Lakini mzee yule hakuwa amemaliza.

"Wabeja, asante baba, tumekuelewa. Sasa neno moja. Bwana shamba akituletea mbegu mpya, kwanza anatulimia shamba la mfano pale njiani. Tunapita, tunatazama. Zikiota, tunachukua. Ninyi mstaafu wenu wa mfano yuko wapi, tumtazame?"

Nilimwona Bwana Masele akitafuta jibu mfukoni, akapata kitambaa cha kujifutia jasho. Akajifuta. Halafu akapata jibu lenyewe, na lilikuwa kubwa.

"Mstaafu wa mfano," alisema, "ni mimi."

Ninakiri kwamba wataalamu wa nje wangehitaji miezi kuibua mradi wa namna ile. Mkuu wetu aliuibua juu ya mizani. Angestaafu kwa mwezi mmoja, bila mshahara, bila pikipiki, akiishi kwa mafiga yake matatu peke yake, wananchi wamtazame. Mwezi ukiisha, angerudi kazini na kuandika ripoti.

Sherehe ya kumuaga ilifana mno. Tulichangishana, tukamnunulia redio, kiti cha uvivu na mbuzi. Kwaya ikaimba. Bwana Masele alitoa hotuba iliyowaliza baadhi ya watumishi, hata sisi tuliojua kwamba atarudi. Alisema amejiandaa kikamilifu hivi kwamba haidai serikali hata nauli. Na kwa kuwa hakupenda kazi ya kuigiza, akaagiza barua ya kustaafu iandikwe, ipigwe muhuri na ipelekwe Makao Makuu.

"Bwana Mkuu," nikamwuliza, "tuweke neno 'majaribio'?"

"Danford, wananchi si wajinga. Wakisikia majaribio, watatazama kimajaribio."

Hoja ilikuwa na uzito. Barua ikaondoka na basi la asubuhi.

Mkewe, Mama Generoza, alikuwa mwanamke wa maneno machache. Jioni ile tulipompeleka mstaafu nyumbani, katika nyumba ya serikali yenye veranda, alitazama redio, akatazama kiti, akamtazama mbuzi.

"Na mwezi huu tunakula nini?" akauliza.

"Mpango," akajibu mumewe.

"Unaiva baada ya muda gani?"

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri sana. Bwana Masele alikaa kwenye kiti chake cha uvivu hapo verandani, na wananchi wakaja kumtazama. Walitoka Dutwa kwa baiskeli, wawili wawili. Mzee Mayige aliongoza ujumbe wa watu wa kijijini kwake. Walisimama nje ya ua, mikono nyuma, kama wanavyosimama kwenye shamba la mfano.

"Anaonekana amekamata ardhi," mmoja akasema.

"Anakula mara ngapi?" Mzee Mayige akamwuliza Mama Generoza.

"Kwa sasa, mara mbili."

"Wiki iliyopita?"

"Tatu."

Wakatikisa vichwa. Bwana Masele akawaeleza kwamba hayo ni marekebisho ya muda mfupi. Lakini marekebisho yakaendelea. Alikwenda benki akaambiwa tawi halina fedha taslimu, aje wiki ijayo. Alikwenda kwa kampuni ya mabasi akamkuta kondakta peke yake, amevaa sare, akiuza karanga. Mbuzi akaliwa. Redio ikauzwa. Ujumbe uliofuata ulikuta kiti cha uvivu hakipo, mstaafu amekaa kwenye ngazi, na Mama Generoza anachemsha michembe, vile vipande vya viazi vikavu, aliyoletewa na dada yake.

"Amenyauka kidogo," Mzee Mayige alisema, kwa masikitiko ya kweli. Kesho yake akatuma debe la mtama. Alisema hata shamba la mfano huwa linapewa mbolea.

Hapo ndipo Bwana Masele alipoamua kwamba mafunzo yaliyopatikana yanatosha, hakuna haja ya kumaliza mwezi. Akanyoosha shati lake, akaja ofisini mapema asubuhi.

Sikuwa nimepata nafasi ya kumwarifu. Makao Makuu, ambako barua yetu ya kuomba kiti cha mhazini ilikuwa mwaka wa nne bila majibu, walikuwa wamejibu barua ya kustaafu kabla ya wiki kwisha. Ilitokea kwamba wakati huo nao walikuwa wametakiwa kupunguza watumishi, na hakuna mtumishi hata mmoja aliyekuwa amejitolea kupungua. Barua ya Bwana Masele ilipokewa, nasikia, kwa makofi. Wakamsifu kwa uzalendo. Wakaafiki kwamba hadai hata nauli. Na wakamleta mkuu mpya, Bi. Elina kutoka Nyalikungu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekwisha kukalia kiti na kubadilisha pazia.

Bwana Masele alisimama mlangoni akalitazama lile pazia.

"Karibu, mzee," Bi. Elina alisema kwa upole. "Wastaafu tunawaona Alhamisi."

"Mimi si mstaafu! Mimi ni mfano!"

"Mfano mzuri sana. Makao Makuu wamesema hivyo hivyo."

"Yalikuwa majaribio! Danford, mwambie!"

Nikamwambia Bi. Elina kwamba yalikuwa majaribio. Akaomba aonyeshwe neno hilo kwenye barua. Tukalitafuta sote watatu. Kisha akaeleza, bila ubaya wowote, kwamba nyumba ya veranda inaambatana na cheo, na mwisho wa mwezi yeye atahamia.

Bwana Masele akatoka akaketi kwenye benchi la nje, lile la wananchi. Nilimfuata. Nilimkuta amekaa, mikono juu ya magoti, anaangalia pikipiki ya ofisi.

"Danford," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sikupata kuisikia hivyo, "mimi nilikuwa nawaambia watu nini, hasa?"

Nikamwita muuza chai, tukanywa.

Habari ilifika Dutwa siku ile ile. Wanakijiji wakafanya mkutano, wakajadili walichokiona, na kwa kauli moja wakaazimia kutostaafu. Azimio la pili lilihusu nini kifanyike kuhusu mfano wenyewe, kwa kuwa haukuwa uungwana kuuacha uchakae barabarani. Mzee Mayige akaja Bariadi na mkokoteni.

"Baba, panda," alimwambia Bwana Masele. "Kuna nyumba ya mwanangu aliyekwenda kwenye migodi ya dhahabu. Kuna ekari tatu zimelala. Maksai nitakuazima."

"Mzee, mimi sijashika plau tangu nikiwa shule ya msingi."

"Maksai wanajua."

Mama Generoza alikuwa amekwisha kupakia masufuria.

Msimu ule nilikwenda kumsalimia mara kwa mara, kwa masuala ya ufuatiliaji na tathmini. Mara ya kwanza nilimkuta amefunga viganja kwa matambara, anawatukana maksai kwa Kiswahili cha vikaoni. "Nawaagizeni mara ya mwisho!" alifoka. Maksai wakasimama. Mama Generoza akapita, akawasemesha kwa Kisukuma, wakaenda. Mara ya pili alikuwa amejifunza Kisukuma hicho. Mara ya tatu tumbo la cheo lilikuwa limeondoka, na aliponiona alicheka kwanza kabla ya kusalimu, jambo ambalo ofisini halikuwahi kutokea. Pamba yake haikuwa nyingi, lakini wanunuzi wawili waligombania, mmoja akaongeza bei, na Mama Generoza akawaacha wagombane hadi jua kuzama. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimsikia Bwana Masele akilitamka neno "soko huria" kwa utulivu.

Ndipo, msimu wa kulima uliofuata, ukaja msafara wa Makao Makuu.

Magari matatu, vumbi hadi mbinguni. Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, mtu mrefu wa suti, alikuwa amesikia habari za mstaafu wa Bariadi asiyedai hata nauli, akataka amwone kwa macho yake. Tukampeleka Dutwa. Tulimkuta Bwana Masele katikati ya shamba, miguu pekupeku, fimbo mkononi, nyuma ya plau. Ujumbe ukasimama pembeni.

"Afya yake ni nzuri," Mkurugenzi Mkuu alisema. Msaidizi wake akaandika. "Anafanya mazoezi. Yuko karibu na mazingira." Msaidizi akaandika. "Mzee Masele! Siri ni nini?"

Bwana Masele akafuta jasho kwa mkono, akawaza. "Ni kuamka mapema, mheshimiwa."

"Nidhamu!" Msaidizi akaandika.

Mkurugenzi Mkuu akazunguka shamba, akagusa udongo, akarudi macho yakiwa yamemng'aa. Alisema nchi nzima inahitaji kuona jambo hili, na wilaya moja haitoshi. Lazima apatikane mstaafu wa mfano wa kitaifa, mtu mwenye hadhi, anayefahamika, ambaye magazeti yatamwandika. Akanyoosha suti yake ili tumwone vizuri.

"Ni mwezi mmoja tu," aliongeza. "Halafu narejea. Wewe uliyepitia, Mzee Masele, unanishauri nini?"

Bi. Elina akaanza kukohoa. Mimi nikatazama maksai. Bwana Masele akaegemea plau, akamtazama yule bwana, suti yake, viatu vyake, dereva wake aliyeshika mwavuli. Nilijua anaweza kumwokoa kwa sentensi moja. Mama Generoza, aliyekuwa akipanda mbegu nyuma yake, alisimama kusubiri kusikia.

"Mheshimiwa," Bwana Masele alisema, "usichelewe."

Hakuchelewa. Sherehe yake ilikuwa kubwa kuliko ya kwetu, kwaya zilikuwa mbili, na ilitangazwa redioni. Mrithi wake alipatikana siku iliyofuata.

Ninafurahi kuarifu kwamba mstaafu huyo wa kitaifa anaendelea vizuri. Amepata ekari mbili kule upande wa Nassa, karibu na maji, na Bwana Masele alikwenda mwenyewe kumwonyesha jinsi ya kufunga nira. Wiki nzima alikaa naye. Anasema mwanafunzi ni mwepesi, ila bado anawapungia maksai mkono.