Mlango wa Kitengo cha Magonjwa ya Kurithi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Mume wa Mwenyekiti, madaktari, wauguzi, wadau wote wa chembe za urithi, na ninyi wazazi mliokaa juani kwa sababu turubai limeishia meza kuu: nawasalimu kwa mujibu wa itifaki. (Makofi.)

Leo tunazindua Kitengo cha Kuelewa Magonjwa ya Kurithi ya Watoto, ambacho ni tunda la mchakato shirikishi, strateji jumuishi na semina kumi na saba, ambazo zote nilizifungua mimi, na kumi na sita nikazifunga mimi, ile moja nikiwa na mafua. (Makofi. Sauti: "Pole, Mheshimiwa.") Utafiti wetu umebaini pasipo shaka kwamba asilimia mia moja ya watoto wenye magonjwa haya wana wazazi. (Mshereheshaji anapiga makofi, wengine wanafuata.) Tena wataalamu wamenifahamisha kwamba baba mzima na mama mzima wanaweza kubeba chembe hizo bila kujua, wakamrithisha mtoto, na hapo hakuna aliyekosea wala aliyelogwa, kwa hiyo mawifi waache kunyooshea watu vidole. (Vigelegele vya akina mama, virefu kuliko ilivyopangwa kwenye ratiba.) Hayo niliyaelewa mwenyewe, nilipoelezwa mara ya tatu.

Namwona hapo mbele mama mmoja, ana binti wa miaka minne mwenye selimundu, na mgongoni kitoto kichanga cha wiki sita. Nilipokuwa napita aliniambia: "Mheshimiwa, huyu mkubwa tulichelewa kumjua, kateseka sana. Huyu mdogo daktari kaniandikia apimwe leo, akiwa na ugonjwa aanze dawa mapema. Sasa napitia wapi?" Mama, swali lako ni zuri mno na limeingizwa kwenye kumbukumbu. (Makofi.) Kuanzia dakika hii damu ya kila mtoto itapimwa hapa, kidijitali, na majibu yatatoka kabla mama hajamaliza kumfunga mwanawe mgongoni.

(Mgeni rasmi anakata utepe. Vigelegele. Mama anainuka na kuuendea mlango.)

Kaulimbiu yetu: Tupime! (Wote: Mapema!) Tuelewe! (Wote: Mapema!)

Kwa kumalizia, namshukuru fundi rangi aliyetuchorea madirisha yale manne, hata mapazia utadhani yanapepea. Na fundi seremala aliyetuazima mlango huu, ambao lazima urudi kwake kabla ya saa kumi, maana una mwenyewe. Wapiga picha nao nawashukuru, wamepata pembe nzuri. (Mlango unagongwa.) Mama, taratibu, kitasa si chetu. (Unagongwa tena.) Mama, nyuma ya hapo ni ukuta wa stoo. Kitengo chenyewe kiko katika hatua ya kufikiriwa. (Kichanga kinalia. Mama haachi kugonga.)

Asanteni kwa kunisikiliza.