Sikio la Kushoto la Kuro wa Sabaki

Sogeeni, enyi wakazi wa Barani, nanyi mnaopita kutoka Kaloleni na vikapu vichwani! Tueni mizigo, nyamazisheni vinu na michi, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize. Maana habari niliyo nayo si ya mfalme aliyetwaa mji wala ya jeshi lililovuka mto. Hizo zimesimuliwa hata zimechakaa. Naleta habari ya sikio. Sikio moja, la kushoto, la mnyama aliyekwisha kufa, na ya mwanamke aliyelipigania siku nyingi bila kuinua sauti yake hata mara moja.

Ilikuwa miaka ile Wazungu walipopanda miti ya mpira kando ya Mto Sabaki, na walipochoka kuutazama mpira, wakaenda kuwinda. Vichwa vya wanyama waliowaua walimpelekea Bwana Taherali, mwenye duka, ambaye nyuma ya duka alikuwa na banda la kukaushia ngozi. Humo vichwa vilijazwa makumbi ya nazi na kushonwa upya, vipate kutundikwa ukutani vikionekana kama vingali hai.

Katika banda hilo alitawala Mwambire, mchunaji asiye na kifani, simba wa visu saba, bingwa wa kukausha ngozi kwa shabu na chumvi, ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake. Ngozi ya shingo aliiweza. Pua aliiweza. Jicho la kioo alilitia likakutazama hata ukataka kuliamkia. Lakini masikio, ndugu zangu! Masikio yalimshinda. Aliyajaza pamba, yakavimba kama vitumbua. Ngozi ilipokauka, yakajikunja kama tumbaku. Kichwa cha mwisho kilirudishwa na mwenyewe, na wapita njia wakauliza kama huyo ni mbuzi aliyekufa kwa huzuni.

"Kikirudi kingine," alisema Bwana Taherali, "banda nalifunga. Nitaweka ufuta. Ufuta hauna masikio."

Neno hilo lilimchoma mtu mmoja tu, naye aliketi kwenye kona: Nyevu binti Jefwa, mwanamke wa maneno machache, aliyekuwa akishona magunia ya ufuta mpaka siku alipopandishwa kushona ngozi. Hofu yake ilikuwa moja, kurudi kwenye magunia. Gunia ukilimaliza, lipo jingine mfano wake kabisa. Lakini kila ngozi ilikuwa na habari yake, na vidole vya Nyevu vilikwisha kuzoea kuzisoma habari hizo.

Basi asubuhi moja kikaletwa kichwa cha kuro dume, swala mkuu wa kingo za Sabaki, mwenye pembe za pingili pingili na masikio mapana, meupe kwa ndani. Nyevu akasimama, akatazama vidole vya miguu yake, akatoa hotuba ndefu kuliko zote za maisha yake:

"Bwana, masikio nipeni mimi."

Mwambire alicheka hata kisu kikamponyoka. "Wewe, mshona magunia? Mimi niliyemchuna kiboko peke yangu, mvua ikininyeshea, yamenishinda, seuze wewe na hiyo sindano!"

"Kiboko ana masikio madogo," Nyevu akasema polepole.

Bwana Taherali akajishika tumbo kwa kicheko. "Mpe, Mwambire, mpe! Mzungu anakuja Ijumaa ya pili. Yakisimama, kazi ya masikio ni yake. Yakianguka, magunia yapo."

Hapo ndipo vita vilipoanza. Nyevu akauchomoa mwiko wake wa kusongea sima, mkongwe wa vyungu elfu, ambao mpini wake ulikuwa laini kama kidole cha mtoto. Akauingiza kati ya ngozi na gegedu, ule mfupa laini unaolisimamisha sikio, akasukuma, akapumzika, akasukuma tena, kama mtu amvuaye kanzu mtoto aliyelala. Mwambire alingoja kusikia ngozi ikichanika. Haikuchanika. Kufikia adhuhuri masikio yote mawili yalikuwa yamegeuzwa nje ndani, yamepakwa shabu, na magegedu mawili yamelala mkekani mazima, kama mateka wawili wa kifalme.

Shauri lake lilikuwa hili. Baba yake alikuwa mgema wa Kaloleni, na Nyevu alikulia kati ya makarara, yale maganda magumu yanayolifunika ua la mnazi. Alijua kwamba karara likilowekwa hutii, na likikauka halitii tena mtu yeyote. Basi angekata vipande viwili kwa kipimo cha magegedu, avitie ndani ya ngozi mahali pa pamba, na masikio yasimame milele.

Akatoka kwenda kuteka maji. Aliporudi, mateka alikuwa mmoja. Gegedu la kushoto limetoweka!

"Moti!" akanguruma Mwambire. Moti alikuwa paka wa jirani, Bibi Chanchalben, naye Bibi Chanchalben akatokea juu ya ukuta wa ua, mikono kiunoni.

"Moti wangu? Nyumba yetu hata yai haliingii! Moti hula wali na dengu. Tangu azaliwe hajui nyama ikoje!"

Wakati huohuo Moti akapita chini yake kwa mwendo wa heshima, ncha ya sikio la kuro ikichungulia mdomoni.

"Na hizo ni dengu za wapi, bibi?" Mwambire akauliza.

"Amezishika tu," akasema Bibi Chanchalben. "Hajameza."

Akameza.

Nyevu hakulia. Alilitwaa gegedu la kulia, akakata karara kwa kipimo chake. Kisha akakata la pili kwa kipimo kilekile, akavitia ndani ya ngozi. Upande wa kulia, sikio likasimama kama askari. Upande wa kushoto, ole! Bonde la sikio likageukia nyuma, na kuro akawa kama mtu anayesikiliza mbele huku akisengenywa kisogoni. Masikio mawili, yote ya kulia!

Mwambire akajibwaga juu ya makumbi akigaragara. "Magunia, binti Jefwa! Yanakuita!"

Nyevu akalivua karara lile, akalifunga sikio kwa kitambaa kibichi lisikauke, akaingia dukani na gegedu lake mkononi. Karara lilelile likigeuzwa tu, mgongo wake uliobinuka ndio ungekaa mahali pa bonde. Na sikio la kushoto angelipata wapi, iwapo la kufuatisha limo tumboni mwa paka? Hapo macho yake yakakutana na kioo kilichoning'inia kati ya kanga na taa. Mle ndani alisimama mwanamke mwenye haya kama yeye, ameshika gegedu. Na gegedu la yule mwanamke lilikuwa la kushoto.

Akakaa mbele ya kile kioo muda mrefu sana, akikodoa macho.

"Nyevu, unajirembea nani?" akaita Bibi Chanchalben kutoka mlangoni.

"Kuro," akajibu Nyevu, akaomba mkaa na karatasi ya kufungia sukari. Akachora gegedu la kulia, akakata, akaigeuza karatasi, upande wa juu ukalala chini. Ikawa sawa na ya yule wa kiooni. Kwa kipimo hicho akalikata karara lake la mwisho, akalitia ndani ya ngozi, akaibana kwa vijiti vya ukuti na uzi, akangoja.

Siku ya tano alivifungua vijiti. Moti, mla magegedu, alikuwa akiingia bandani kutafuta dengu zaidi. Akainua kichwa. Akaona masikio mawili wima, moja limeelekea mlangoni, la pili limeelekea kwake hasa. Manyoya yakamsimama, akaruka ukuta kwa mruko mmoja, na siku mbili alikula wali bila kuombwa.

Ijumaa Mzungu akaja, viatu vikigonga sakafu, sauti juu. Alipofika mbele ya kuro akasita. Akavua kofia.

"Taherali," akanong'ona, "hii nyama nasikia kila neno ya mimi."

"Ndiyo, bwana," Taherali akanong'ona naye, bila kujua kwa nini.

Mzungu akakichukua kichwa chake, akatoka kwa kunyata. Na Mwambire, ambaye sauti yake ilifika sokoni kabla yake, akamsogelea Nyevu, akasema kwa sauti ndogo ajabu: "Dada, kuna kongoni pale nje. Masikio yake marefu."

"Mlete," akasema Nyevu. Kisha, akitazama miguu yake, akaongeza, "Na paka mfungieni."

Basi enyi mnaoikumbuka miaka kwa majina ya njaa na ya tauni, wekeni na huu katika hesabu yenu. Hapakuwa na njaa wala tauni. Ni Mwaka wa Sikio la Kushoto, ambapo mwanamke wa Kaloleni alilitoa ndani ya kioo akalisimamisha, na mji mzima ukapunguza sauti.