Moyo Uliopona Ndani ya Kompyuta

Waheshimiwa wageni waalikwa, waheshimiwa mliojialika, wadau wa moyo, wadau wa damu, wakuu wa idara mliokaa kwenye viti, wabeba zege mliosimama juani, na mimi mwenyewe, maana mtu asipojitaja atatajwa na maadui: hamjambo! (Hatujambooo! Msimamizi alikuwa ametuambia sisi wabeba zege kwamba anayeitikia kwa nguvu atapata soda.)

Leo, kwa mujibu wa mkakati mtambuka wa kuboresha mzunguko wa damu kidijitali, nazindua kompyuta hii iliyo chini ya kitambaa, ambayo itaunda modeli ya moyo wa kila mwananchi, iuone unavyosukuma damu, itabiri utachoka lini, na imjulishe mwenyewe kabla hajaanguka. (Makofi.) Kama kielelezo tumepima moyo mmoja tu, wangu, kwa kuwa ndio uliokuwepo ofisini, na wataalamu wakakiri kwamba hawajawahi kuona moyo wenye uongozi kama ule; hivyo mioyo yote italinganishwa na wangu, na utakaopiga tofauti utaandikiwa barua ya kujieleza. (Vigelegele kutoka kwenye viti.)

(Hapo shemeji yetu, mke wa mwenzetu aliyekuwa amelala juu ya mifuko ya saruji akihema, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, mume wangu midomo imeshageuka rangi. Zahanati wamekataa kumpeleka hospitali, wanasema tusubiri mashine yako. Basi apimwe!")

Mama, ondoa hofu. Mumeo ndiye wa kwanza kuingizwa kwenye mfumo. Katika majaribio amepasuliwa ndani ya kompyuta mara arobaini, akapona thelathini na nane, na zile mbili alikufa kwa utulivu mkubwa, bila kuigharimu serikali hata pamba. (Makofi machache.)

("Sasa huyu anayehema hapa chini ni nani?")

Huyo ni nakala, mama. Mumeo halisi yuko kwenye mfumo, na anaendelea vizuri sana. (Msimamizi: "Nyamazeni, soda zinakuja!" Sisi: "Kanywe na mkeo!")

Nimalizie kwa shukrani. (Kitambaa kinaondolewa.) Namshukuru seremala aliyetuchongea kompyuta hii kwa mbao safi kabisa, fundi rangi aliyechora moyo kwenye kioo, tafadhali msiuguse, haujakauka, na wafadhili wetu, ambao tukishawapata watatununulia ile inayotumia umeme. Moyo wa kidijitali! (Tukainama kwenye mifuko ya saruji.) Damu kwa wote! (Tulikuwa tumeshambeba mwenzetu, wawili kichwani, wawili miguuni.) Nawashukuru kwa kusimama kwa heshima yangu... Jamani, mbona mnaelekea getini? Hilo ni gari langu! Dereva! Dereva, mbona unawafungulia mlango? Unakwenda wapi?

("Hospitali, Mheshimiwa. Wewe endelea tu, hotuba ni nzuri.")