Familia Rasmi ya Gari la Idara

Inatangazwa kwa furaha kwamba Idara ya Uratibu wa Shughuli Nyinginezo, baada ya kutafakari kwa kina kwa miezi kumi na minne, imeamua kwamba itaamua. Gari litanunuliwa. Litakuwa la familia, kubwa, lenye matairi manene na safu tatu za viti, na litakuwa ama la petroli ama la umeme. Mengine ni ya kitaalamu, wananchi wasijisumbue.

Kwa nini la familia? Waraka kutoka juu ulikuwa umepiga marufuku magari ya anasa, ila magari ya familia haukuyagusa. Siku aliyousoma, Mkurugenzi alitambua ghafla jinsi anavyoipenda familia. Akaunda Kamati ya Uteuzi, mwenyekiti yeye mwenyewe, na Kamati ikagundua jambo ambalo mtu wa kawaida asingeligundua hata angekesha: gari la familia haliwezi kujaribiwa bila familia. Mke wa Mkurugenzi alipoulizwa alisema hapandi gari ambalo bado si lake. Basi ikatafutwa familia nyingine humo humo idarani, yenye watu wa kutosha na isiyo na mdomo.

Ndivyo walivyomfikia Tarishi.

Tarishi alikuwa amebeba mafaili ya Idara miaka kumi na tisa, kutoka chumba namba tatu kwenda namba saba na kurudi namba tatu, na hakuwahi kuona faili likifika. Alikuwa na mapacha wa kike wa miaka minane, na mama mkwe aliyewalea tangu mama yao afariki. Ofisini walimwita Shubiri, kwa kuwa hacheki na wakubwa. Na wakubwa walishangaa kweli, maana wao hawakukumbuka kumkosea.

Mkewe alipozidiwa, Tarishi aliomba gari la Idara limpeleke hospitali ya mlimani. Ombi lilipita meza sita, likapigwa mihuri sita, likarudi limekubaliwa siku tisa baada ya mazishi. Marehemu alizikwa kwao mlimani. Jeneza lilipanda juu ya lori la mbao, na mama mkwe hakupata nafasi. Basi la abiria halifiki kule, na miguu yake ilishakataa milima. Mwaka wa pili huo, bibi hajaona mwanawe alipolazwa.

Kwa hiyo Kamati ilipomwambia Tarishi kwamba majaribio yanahitaji safari ndefu ya kupanda mlima, alikubali kwa sharti moja: njia achague yeye. Kamati ikamsikitikia. Safari yoyote inahitaji kibali, na kibali kinachukua miezi. Tarishi akaenda nyumbani, akarudi na karatasi. *Ruhusa ya gari: Tarishi na mkewe, kwenda mlimani na kurudi.* Mihuri sita.

Mama Masjala, mtunza mafaili, mwanamke ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, aliikagua mbele na nyuma. Akatoa hukumu: kibali hakifi hadi kitumike. Kasoro ilikuwa moja tu, neno "mkewe". Kamati ilikaa siku mbili juu ya neno hilo, kisha ikamteua Mama Masjala kuwa Kaimu Mke kwa kipindi cha majaribio, bila posho.

Asubuhi ya safari mama mkwe alikuja uani na wale mapacha, jembe begani.

"Na huyu nani?" akauliza.

"Kaimu mke, mama," alisema Tarishi, macho kwenye viatu vyake.

Bibi akampima Mama Masjala kuanzia kilemba hadi kandambili. "Anakaimu kazi zote?"

"Kukaa kwenye kiti tu, mama," akajibu Mama Masjala. "Imeandikwa."

"Basi nenda kiti cha nyuma. Mbele ni pa wenye ajira ya kudumu."

Walianza na la petroli. Afisa Usafiri alikabidhi ufunguo, na karatasi aliyoisaini kwa mkono wake kwamba tangi limejaa pomoni. Tarishi, aliyekuwa na leseni tangu ujana wake wa malori, akaliwasha. Lilinguruma hadi vioo vya ofisi vikatetemeka, na makarani wakasimama wima bila kujua wanamsimamia nani. Kamati ililipatia gari alama nyingi kwa hilo.

Kilomita ya kumi na moja lilikohoa, likanyamaza. Tangi kavu kama ngoma. Afisa Usafiri alipopigiwa simu alieleza kwa upole kwamba petroli ina tabia ya kuvukiza, hasa inapoachwa peke yake karibu na watu. Walingoja dumu hadi alasiri, kisha wakageuza. Mama mkwe alipakata jembe magotini njia nzima. Pacha mmoja aliuliza kama kuna mtu aliyemwambia mama kwamba leo hawafiki. Ripoti iliandikwa: "Gari lilitulia vizuri."

La umeme liliwapa wakubwa mashaka. Mkurugenzi alilijaribu kuingia nalo uani, likafika kimya kama paka. Hakuna aliyesimama. Alikaa ndani dakika tano akingoja kuonekana, mwisho akajifungulia mlango mwenyewe. Mjumbe mmoja alipendekeza aajiriwe mtu wa kutangulia na kengele. Lakini hoja nzito zaidi ilikuwa ya Afisa Usafiri, na imo kwenye kumbukumbu za kikao: umeme haunyonywi kwa mpira wala haujazwi kwenye dumu, na kwa hiyo gari hilo "halishirikishi wadau".

Lilichajiwa kwa waya uliopitishwa dirisha la masjala. Wakapanda wale wale, kila mtu na cheo chake. Kilomita kumi na moja ikapita, bibi akaishika dashibodi. Ishirini. Arobaini. Njia nzima hapakuwa na sauti ila ya mapacha wakigombania dirisha. Wakafika.

Mama mkwe alishuka peke yake, akalipalilia kaburi la mwanawe polepole, pembe hadi pembe, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa. Mapacha waliokota magugu. Kaimu Mke hakujua asimame wapi, akasimama karibu na gari. Tarishi aliporudi, macho mekundu, alimkuta ametoa muhuri mkobani. Mama Masjala akalaza kile kibali juu ya boneti, akakigonga: IMETUMIKA.

"Sasa kimekufa," alisema. "Pole, ndugu yangu."

Fomu ya majaribio ilikuwa na swali la mwisho: gari lipi limeifaa familia? Mama mkwe hakujua kuandika, ila kusema alijua.

"Lile ambalo hawajajua kuliibia."

Mama Masjala akaandika: la umeme. Kamati ikaafiki, maana waraka mwingine kutoka juu ulikuwa njiani kusifu umeme. Afisa Usafiri aliomba likizo ya ugonjwa. Mkurugenzi, akiwajua wasaidizi wake na safari zao za Jumapili, akaandika kanuni kwa mkono wake: *Ili kulinda mali ya umma, gari la familia halitatoka uani bila Familia Rasmi kuwamo ndani.* Akasaini, akaivunja Kamati kwa barua ya pongezi, na Jumatatu akaja kuchukua gari lake.

Mama Masjala akafungua daftari. "Familia Rasmi haijapanda, mheshimiwa."

"Familia yangu iko nyumbani."

"Ya daftarini, tangu majaribio, ni Tarishi, mapacha wawili na mama mkwe. Nafasi ya mke iko wazi."

"Badilisha."

"Hubadilishwa na Kamati. Umeivunja Ijumaa. Kuunda nyingine ni ombi, meza sita."

"Huchukua muda gani?"

Kwa miaka kumi na tisa, Mkurugenzi hakuwahi kuuliza swali ambalo Tarishi alikuwa na jibu lake.

"Langu lilirudi, mzee," alisema taratibu, amesimama kando ya gari. "Siku tisa baada ya mazishi."

Mkurugenzi akatazama gari, akatazama viatu vyake, akakosa pa kutazama.

Tangu siku hiyo hukaa safu ya tatu, magoti yakigusa kidevu. Mapacha hushushwa shule kwanza, kisha bibi kliniki ya miguu, halafu yeye. Hufika ofisini saa nne, kimya kimya, na hakuna anayesimama. Mwezi uliopita aliitwa kwenye kikao huko mlimani, na bila familia asingefika. Tarishi alikuwa anaosha gari, kwa hiyo Mkurugenzi alibeba faili la kibali mwenyewe, chumba namba tatu hadi namba saba, akihema. Meza sita, asubuhi moja. Idara haijawahi kuona kasi kama hiyo.

Wakati wa kuondoka, mama mkwe alimpitishia jembe juu ya viti.

"Lishike vizuri, baba, lisichafue kiti," alisema. "Ni mali ya umma."