Bingwa Mpya wa Kombe la Bonde

Raia wote wa Ifakara mnatangaziwa kwamba mashindano makongwe na matukufu ya tenisi, Kombe la Bonde, yanaingia mwaka wake wa kumi na mbili, 1957. Bingwa ni Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kama miaka yote.

Karani Ponsiano aliliandika tangazo hilo kwa fahari, maana aliyeshindwa miaka yote kumi na mmoja ni yeye. Kushindwa nako ni kazi, jamani! Unaukosa mpira kwa adabu, unasema, "Hongera, bwana." Safari hii akishindwa vizuri mbele ya Bwana Mkubwa, mkuu wa jimbo kutoka Morogoro, ukarani mkuu ni wake.

Asubuhi ya fainali, ambayo ndiyo mechi pekee, alikuta uwanja umeanikwa mpunga, mwenyewe akiugeuza kwa reki. Ule udongo wa kichuguu ulioshindiliwa ndiyo sakafu kavu pekee bonde zima.

"Mama Emerensiana, unaniua!"

"Hata shikamoo huna?"

"Shikamoo. Ondoa mpunga."

"Marahaba. Siondoi. Umelowa mafuriko, usipokauka leo unaota. Wajukuu niwalishe tenisi?"

Mara Bwana Mkubwa akawasili. Bwana Shauri hakuwepo: alfajiri alivuka mto kuwinda bata, sasa pantoni imekwama Kivukoni.

Bwana Mkubwa akafungua kanuni, alizozitunga Bwana Shauri mwenyewe. Saa nne kamili, mchezaji aliye uwanjani bila mpinzani ndiye bingwa. Uwanja ni wake mwaka mzima, wala haukanyagwi bila ruhusa yake.

"Mchezaji mwingine nani?"

Amshinde Bwana Shauri? Ponsiano akaficha raketi mgongoni.

"Yule mama, bwana."

"Anafanya nini?"

"Anapasha misuli."

Saa nne ikagonga. Bwana Mkubwa akapiga mhuri.

Saa tano Bwana Shauri akatokea, kaptula nyeupe, tope hadi magotini, akaingia uwanjani akifoka.

"Toka na viatu vyako!" bingwa mpya akafoka zaidi. "Chakula hicho!"

Bwana Mkubwa akamwonyesha kanuni na sahihi yake. Bwana Shauri akavua viatu, akaomba ruhusa ya kucheza japo kidogo.

"Mpunga ukikauka, mtacheza. Mna haraka? Geuzeni."

Bwana Mkubwa, aliyepita matope tangu Morogoro kuja kuona tenisi, akakunja mikono ya shati. Ponsiano akawapa reki mbili za mbao, akakaa pembeni. Moyo ulikuwa umetulia. Leo hajamshinda mtu.

"Wewe baba, pale umeruka," Emerensiana akamwambia Bwana Shauri. "Rudi."

Akarudi.