Nyumba ya Kumi na Mbili kwa Kumi na Nne

Siku Lysander Peck alipomkuta Bibi Keziah Stroud, mjane, akiteka maji kwenye chemchemi yake kando ya mto, alivua kofia, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya hata kanisani. Bibi Stroud alidhani amevuliwa yeye. Masikini, kofia ilivuliwa chemchemi. Asubuhi ile Peck alikuwa amekaa karibu na watu wanaoongea kwa sauti, akasikia kwamba pantoni ya kuvusha magari ya ng'ombe mto Missouri itaegeshwa pale pale, chini ya miti ya mjane huyo. Mwenye pale angekula maisha bila kushika jembe tena.

Mji wetu wa Brindle ulikuwa mzuri sana kwenye ramani. Ramani hiyo iliuzwa huko mashariki, nayo ilionyesha benki mbili na jumba la muziki. Aliyefika mwenyewe alikuta mahema kumi na moja na visiki, na kisiki kikubwa ndicho kilikuwa benki. Waoto, waliokuwa wenyeji, walishaondolewa na serikali kwa karatasi waliyowekewa mbele waitie alama. Kwa hiyo msije mkasema Peck ndiye aliyeleta ujanja Nebraska. Aliwakuta wakubwa zake wameshatangulia.

Ujanja wake yeye ulikuwa wa kubebeka kwapani. Sheria ilisema aliyekwisha kukaa kwenye ardhi atauziwa na serikali ekari mia moja na sitini kwa bei ya chini, mara moja tu maishani. Ilibidi aape mbele ya karani, pamoja na shahidi, kwamba amejenga nyumba pale na kulala humo. Karani aliuliza ukubwa, na jibu la kila mtu likawa lile lile: kumi na mbili kwa kumi na nne. Maana yake ni futi, hilo hata mtoto alilijua, basi hakuna aliyelitaja.

Peck alichukua kasha la mishumaa, akachonga nyumba ya inchi kumi na mbili kwa kumi na nne. Ilikuwa na mlango, paa la vigae vya mbao na dirisha la kipande cha kioo. Mteja aliikodi, akaiweka kwenye kiwanja chake, usiku akaingiza miguu humo, na kulipokucha akaenda kuapa bila dhambi yoyote. Nusu ya waheshimiwa wa Brindle walipata ardhi kwa nyumba ile moja. Nami simo kwenye hesabu hiyo, wala msiniulize zaidi.

Bibi Stroud hakuwa na haja nayo. Nyumba yake ilikuwa ya magogo, ya futi za kweli, aliyoijenga na marehemu mumewe kabla homa haijamchukua. Alimzika chini ya miti ile, akabaki kulima peke yake miaka miwili, na kitu kimoja tu alikitaka duniani: asije mtu akamwambia hama hapa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzito wa kusema, kwa hiyo tulimwona mzito wa kuelewa pia. Ofisi ya ardhi ingefunguliwa tena kwetu Jumatatu, naye alikuwa ameshauza ng'ombe wake wawili apate fedha ya kulipa.

Peck alipiga hesabu zake. Mjane aliruhusiwa kuapa kwa jina lake, lakini mke wa mtu hakuruhusiwa, na mali ya mke ilikuwa mkononi mwa mume. Akimwoa kabla ya Jumatatu, ataapa yeye, atawauzia wenye pantoni, kisha ataondoka kwenda California kutafuta afya. Siku tatu alipeleka matofaa makavu na kuusifu mkate wa mahindi wa mjane, ambao, Mungu anisamehe, ungeweza kujengea ukuta. Siku ya nne alipiga goti.

Bibi Stroud aliendelea kukanda unga.

"Nimekubali," alisema. "Ila una haraka gani, Bwana Peck?"

"Mapenzi hayangoji, Bi Keziah. Tufunge ndoa Jumamosi."

"Jumamosi tutakuwa mtu mmoja, na mtu mmoja hupewa kipande kimoja. Jumatatu asubuhi bado tu wawili. Mimi niapie hapa, wewe uapie kile kilima jirani. Nitakuwa shahidi wako, nawe uwe wangu. Tukishagongewa mihuri, tuoane hapo hapo. Au unakiona kidogo kipande cha pili?"

Peck hakuwa amewahi kuitumia haki yake ya kuapa. Aliitunza kwa siku yenye neema. Kilima kile kilikuwa mawe na nyoka, hakina tone la maji. Lakini vipande viwili ni viwili, na cha mke si cha mume? Mwerevu hajinyoi, wahenga walisema, ila Peck alikuwa ameshashika wembe. Usiku wa Jumapili alipeleka kijumba chake kilimani, akaingiza miguu humo na kulala chali hadi alfajiri, huku mchumba wake akishuhudia, amejifunika blanketi.

Jumatatu tulijaa hemani kwa Bwana Obed Finch, karani wa ardhi, ambaye pia ndiye aliyekuwa akifungisha ndoa. Bibi Stroud alitangulia kuapa. Peck alimshuhudia kwa maneno matamu hata tukatamani kumpigia makofi. Fedha ikalipwa, muhuri ukagongwa. Ikafika zamu ya Peck.

"Umeiona nyumba ya Bwana Peck?" karani alimuuliza Bibi Stroud.

"Nimeiona kwa macho yangu. Kumi na mbili kwa kumi na nne, ina paa la vigae na dirisha la kioo. Na nimemwona akilala humo, kadiri alivyoenea."

Karani alitazama karatasi zake kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji. Kisha akapokea dola mia mbili, fedha yote ambayo kile kijumba kilikuwa kimemzalia Peck, akagonga muhuri. Kuanzia hapo Peck alikuwa bwana wa mawe na nyoka, na haki yake ya maisha imekwisha.

"Sasa tufungishe ndoa, Bwana Finch," alisema, akimshika mjane mkono.

"Nipo tayari," alisema Bibi Stroud. "Kwetu mke humfuata mume. Leo tutalala kwako."

Peck alicheka kidogo. "Kwako ndiko kwenye kitanda, mpenzi."

"Kwangu nimeapa kwamba naishi mimi. Wewe umeapa kwamba unaishi kilimani, na shahidi wako ni mimi. Nipeleke nyumbani kwako, mume wangu. Nikiingia nikanyoosha miguu, naolewa sasa hivi."

Tulioikodi nyumba ile tulitazama viatu vyetu. Bwana Finch alichovya kalamu kwenye wino, akaishika juu ya karatasi safi.

"Kuna tatizo na nyumba, Bwana Peck?" aliuliza kwa upole. "Maana kama haitoshi watu, niandike. Kiapo cha uongo ni jela."

Peck aliutazama wino. Akamtazama mjane, ambaye alikuwa ameshaikunja hati yake na kuitia kifuani, ametulia kabisa.

"Nyumba haina tatizo," alisema hatimaye. "Ila nimefikiri, mimi bado mdogo kuoa."