Mtu wa Kwanza wa Mkurugenzi

Asubuhi hiyo, kwenye benchi letu la kahawa, Msomi, mshika gazeti letu la pamoja, alisoma habari kwa sauti ya kutangaza msiba: kampuni moja imewaachisha kazi makarani arobaini, barua za maombi ya kazi sasa zinasomwa na kompyuta.

"Arobaini!" Kinyozi akaruka. "Yaani hata kukataliwa, tukataliwe na mashine?"

"Afadhali mashine," akasema Mbishi, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu tangu tumjue. "Haina mjomba."

"Mjomba wake ni huyo aliyeinunua!"

Tukacheka wote isipokuwa Mkurugenzi. Huyu anaendesha wakala wa ajira. Ofisi yake ni ncha ya benchi letu, mkoba na muhuri. Miezi minne hajampatia mtu hata kazi ya kufagia, na mkewe kampa mpaka Ijumaa: alete jina la mtu mmoja aliyeajiriwa, au arudi kushona viatu.

"Soko la ajira limebadilika, ndugu zangu," akasema, akiupiga mkoba kofi. "Siku hizi hawatafuti vyeti, wanatafuta vipaji. Mbishi nimeshamwombea usimamizi wa zamu ghalani. Kinyozi, nimekuandika bosi wake wa zamani. Wakipiga simu, msifie."

"Bosi? Nilimwajiri lini?"

"Si kila mwezi anakalia kiti chako?"

"Ananyolewa!"

"Basi mmefanya kazi pamoja. Usiniharibie."

Simu ya Kinyozi ikalia. Mkurugenzi akaweka spika kabla mwenyewe hajakohoa. Aliyepiga alikuwa meneja wa ghala, mama mwenye sauti kavu.

"Huyu bwana anawahi kazini?"

"Anawahi mno, mama. Hufika hapa kabla kahawa haijachemka."

"Watu wakigombana kwenye zamu, huwaamuaje?"

"Siwaamui!" Mbishi akadakia. "Naingia katikati, tunagombana wote mpaka kieleweke!"

Mkurugenzi akamrukia kumziba mdomo, Msomi akaanza kumsahihisha, Kinyozi akamwapia meneja kwa majina ya watoto wake wote. Ndipo Shangazi, anayetuuzia kahawa, akatua birika kwa kishindo.

"Kimya! Simu ina mtu! Kinyozi, jibu ulichoulizwa. Mbishi, tia kikombe mdomoni na kikae humo humo. Msomi, kunja gazeti, unamchoma mwenzio jicho. Na wewe Mkurugenzi, mtu mzima ovyo, hebu kaa!"

Tukakaa. Hata wapita njia wawili walikaa.

"Huyo ni nani?" simu ikauliza.

"Ni... Shangazi wa kahawa," akajibu Kinyozi.

"Nina vijana thelathini hapa, hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mpe simu."

Shangazi akasogea nayo pembeni. Aliporudi alikuwa anavua aproni.

"Naanza kesho."

"Mtu wangu wa kwanza!" Mkurugenzi akapiga ukelele, akachomoa muhuri, akakosa pa kuugonga, akaugonga kiganjani mwake.

"Na kahawa je?" Msomi akauliza taratibu.

Hapo akili zikaturudia. Tulimbembeleza kila mmoja kwa namna yake. Mbishi alifikia kusema, "Shangazi, nakubali yote uliyowahi kusema!"

"Miaka tisa," akajibu huku akikusanya vikombe, "nawasikia mkitafuta kazi juu ya benchi langu. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama na mimi naitaka."

Hakusema kwa hasira. Niliona aibu, nikamsaidia kubeba birika.

Kesho yake tulikuta jiko la baridi, na ukutani karatasi yenye muhuri: NAFASI YA KAZI. MUUZA KAHAWA. UZOEFU: MIAKA TISA. AJUE KOMPYUTA.

Mkurugenzi alikuwa kwenye ncha yake, mkoba magotini, hamtazami mtu. Mbishi akaisoma karatasi mara mbili, akavua kofia.

"Samahani, mheshimiwa," akasema kwa adabu ambayo hatujawahi kumsikia nayo. "Miaka tisa ya kunywa inahesabika?"